Wimbo wa Kahawa, Ukimya wa Pilau

Sinia la pilau lilikuwa limeshatua mkekani. Kachumbari imepita, pilipili ya kusaga imepita, ndizi mbivu zimemenywa, na mimi nikabonyeza simu. Taarabu ikaanza kutoka kwenye spika ndogo niliyoiweka juu ya kabati: fidla zikaingia pamoja, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikafuata, kisha sauti ya mwanamke. Nyimbo zile nilizipanga tangu mchana. Za taratibu kwa pilau, za kuchangamka kwa juisi ya ukwaju, udi mtupu kwa kahawa, ule udi wa nyuzi, si wa kufukiza.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango, ameshanawa. Hakugusa chakula. Alisikiliza ubeti wa kwanza mpaka ukaisha.

"Mwanangu, huyu anayeimba, nani anamsikiliza?"

Nikapunguza sauti.

"Hapana. Zima kabisa, watu wale kwanza. Wakishiba ndiyo umfungulie aimbe."

Nikazima. Watu wakala. Zikapita habari za nani kaposwa, nani kajifungua, nani karudi kutoka Maskati na mizigo gani. Mikono iliponawiwa na sinia kuondolewa, shangazi mwenyewe ndiye aliyenigeukia: "Haya, mlete sasa."

Wiki zimepita na swali lile bado ninalo. Nakwenda nalo Darajani, sokoni kwetu Unguja, kununua iliki, narudi nalo. Siku zote nimeamini kwamba chakula kizuri na muziki mzuri vikikutana vinaongezana. Wenye mikahawa wanaamini hivyo, wenye kumbi wanaamini hivyo. Na mimi napenda kupika, napenda taarabu, wala sijui kipi nakipenda zaidi.

Kwa nini basi visikae mkeka mmoja?

Mkono wa kutunza ni upi?

Jibu la kwanza nililojipa lilikuwa adabu: wazee hawataki kelele watu wakila. Halikusimama. Shangazi si mtu wa kimya. Jikoni kwake redio haizimwi, na sauti yake huipita redio. Wakati tunakula usiku ule, aliyezungumza zaidi ni yeye. Kelele hazikuwa tatizo.

Nikaanza kufikiri juu ya anachofanya mtu akiwa kwenye taarabu yenyewe, ile ya ukumbini, si ya spika. Watu wanakuwa wamekaa wanasubiri. Bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, inapigwa, vyombo vinasalimiana, mwimbaji anaingia. Kila mwanamke pale ana ubeti wake anaoungojea, ule unaosema jambo lake analolijua yeye na pengine mtu mmoja mwingine. Ukifika, anainuka. Anatembea polepole kwenda mbele na noti yake, anaipunga hewani, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Hapo amesema kitu mbele ya watu wote bila kufungua mdomo.

Sasa mtu huyo mweke mbele ya sinia. Mkono wa kulia uko ndani ya wali. Wa kutunza ni upi?

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la shangazi kwa namna nyingine. Hakuuliza kwa nini nimeweka muziki. Aliuliza nani anasikiliza. Kwake yeye wimbo wa taarabu una mtu wa pili lazima, anayeupokea. Kuuacha uimbe peke yake huku watu wanatafuna ni kumvunjia heshima mwimbaji, hata kama mwimbaji huyo ameshafariki zamani na iliyobaki ni sauti yake kwenye simu yangu.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo shangazi hakulisema na mimi nimechelewa kulifikia. Taarabu imejaa mafumbo. Wenyewe mnajua. Wimbo unapelekwa kwa jirani, kwa wifi, kwa mke mwenza, kama inavyovaliwa kanga yenye maneno yake mbele ya anayehusika. Miaka ya 1990, rusha roho, taarabu ya kisasa, ilipovuma, mafumbo yalivuliwa nguo yakawa mipasho ya wazi, lakini hata taarabu asilia ya upole kabisa inaweza kumchoma mtu aliyekaa karibu nawe, nawe usijue.

Sinia moja linataka amani. Watu wanaokula pamoja wanachota kutoka sehemu moja, vidole vinakaribiana, mmoja anamsogezea mwenziwe pande la nyama. Ukimfungulia mwimbaji pale katikati, na ubeti ukaangukia pabaya, kuna mtu atanawa kabla hajashiba.

Nimekaa na wazo hilo nikakumbuka nani alikuwa amekaa karibu na nani usiku ule. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kahawa ina haki zake

Lakini kama wimbo na tumbo havikai pamoja, tufanye nini na kahawa?

Maana kahawa na taarabu vimekaa pamoja muda mrefu sana katika mji huu. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipelekwa Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi, na sahani zake za santuri ziliporudi Unguja hazikuishia kwa wenye nyumba kubwa. Santuri ilikuwa ghali. Wengi wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, walimsikia kwenye mikahawa ya kahawa, pale ambapo mwenye duka aliweka mashine yake na watu wakakaa na vikombe. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu kabla jina lake halijajulikana. Chungu chake kilikuwa jikoni kwa watu kabla sauti yake haijafika barazani kwao.

Mwambie mzee wa barazani kwamba kahawa hainywewi na wimbo, uone atakavyokutazama.

Hivyo nikaanza kupima tofauti. Kikombe cha kahawa chungu ni kidogo, hakijai kiganja. Mafunda yake ni machache. Unakishika kwa vidole viwili vya mkono mmoja, mwingine uko huru. Baina ya funda na funda kuna nafasi, na katika nafasi hiyo hakuna cha kutafuna. Mdomo umepumzika, masikio yamefunguka, na ule uchungu wenyewe unakuweka macho. Halua imetangulia, kipande kidogo tu, kimeshamezwa. Kahawa inapoingia inauondoa utamu, kisha ubeti unaofuata unakukuta na ulimi safi.

Kahawa haishindani na mwimbaji. Inamsubiri.

Tena kahawa ina muziki wake wa asili, na aliyekulia mji wa pwani anaujua hata akiwa usingizini: muuza kahawa anapita kichochoroni, dele, birika lake la kahawa, mkono mmoja, vikombe mkono mwingine, anavigonganisha. Hahitaji kuita. Mlio ule una mapigo, kila muuzaji na yake, na kuna watu wanaojua nani anapita kabla hajatokea kwenye kona. Tunaposema kwamba kuoanisha kinywaji na sauti ni mambo mapya ya mikahawa ya Ulaya, tunakuwa tumemsahau huyu.

Nyumbani naikaanga buni mwenyewe, mpaka iwe nyeusi lakini kabla haijaanza kunuka moshi, naitwanga na kuichemsha kwa tangawizi iliyopondwa na iliki. Sukari haimo. Kwa kahawa hii nimejaribu mengi na nimerudi palepale: udi. Udi mmoja, mtu mmoja, hakuna fidla. Nyuzi zake zina uzito, na mpigaji mzuri hujua kunyamaza. Wimbo wa ala nyingi unaijaza nafasi yote baina ya funda na funda. Udi unaiacha.

Ukwaju na maprofesa

Kwa kuwa swali halikuniacha, nikatafuta watu waliolifanyia kazi.

Wapo. Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, yuko Charles Spence, ambaye kwa miaka mingi amechunguza jinsi milango ya fahamu inavyosaidiana. Mwaka 2004 yeye na mwenzake Massimiliano Zampini walionyesha kwamba mtu akila krispi huku anasikia mlio wake wa kutafuna umeongezwa makali masikioni, anaziona krispi zilezile kuwa mpya na kavu zaidi. Baadaye ikaonyeshwa kwamba watu wengi huunganisha sauti nyembamba za juu na utamu, na sauti nene za chini na uchungu, na kwamba pipi ileile inaweza kuelekea upande mmoja au mwingine kwa kubadilisha kinachosikika. Mwaka 2007 mpishi Heston Blumenthal akaanza kuwapa wageni wake chakula cha baharini pamoja na kombe la baharini lenye mashine ndogo ya sauti ndani yake, ili wale huku wanasikia mawimbi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, nao walionyesha mwaka 2015 kwamba kelele kubwa kama za ndani ya ndege hupunguza utamu wa sukari mdomoni na kuongeza ile ladha nzito ya mchuzi na nyanya. Hili liliniingia haraka. Kila aliyesafiri anajua chai ya angani haikolei.

Nikasema nijaribu. Niliroweka ukwaju usiku, asubuhi nikauvuruga kwa mkono, nikauchuja, nikaweka sukari na chumvi kidogo sana, nikautia barafu. Juisi ya ukwaju ni nzuri kwa jaribio la namna hii kwa sababu ina vitu viwili vinavyovutana, chachu na utamu, na haijaamua upande. Nikawaita watoto wa kaka yangu wawili. Glasi ya kwanza wakanywa na nai, filimbi ile nyembamba inayolia juu. Ya pili, kutoka jagi lilelile, wakanywa na nyuzi nene za udi, zile za chini kabisa.

Mmoja akasema ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Akaapa. Mwingine akasema juisi ni ileile na akaomba ya tatu.

Mimi mwenyewe nilihisi tofauti, lakini nilikuwa najua ninachokitafuta, na ulimi wa anayejua hauaminiki.

Sina ugomvi na maprofesa. Naamini walichokiona. Lakini kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona tunauliza maswali mawili tofauti. Wao wanachukua sauti isiyo na maneno, isiyo na mtu, na ladha moja iliyotengwa, kisha wanapima ulimi. Pilau langu halina ladha moja. Lina bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, pilipili manga, mafuta ya nyama, kitunguu kilichokaangwa hadi kikakaribia kuungua. Utamu, uchungu na chumvi vimo katika tonge moja. Na taarabu yangu si sauti ya juu au ya chini. Ni mtu anayeniambia jambo, kwa lugha ninayoielewa hadi mzizi wake.

Waache maneno yaingie katika jaribio lao, ndipo watakutana na shangazi.

Tuchukue Forodhani

Kuna jambo lililokuwa linanipinga wakati wote huu, na sitaki kulipita. Nenda Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku, usiku wa Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara linapoendelea ndani ya Ngome Kongwe. Ukuta ni mmoja tu baina ya jukwaa na meza za vyakula. Watu wanakula mishikaki, wanakunywa juisi ya miwa, na ngoma zinawafikia juu ya ukuta. Hakuna anayezima. Hakuna anayesema mwimbaji kadharauliwa. Mimi mwenyewe nimekula pale na nikafurahi, na muziki ule ulikuwa sehemu ya furaha.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi. Nadhani ni kwamba muziki ule haukuletwa kwangu. Unapita. Anayeimba ana wasikilizaji wake ndani ya ngome, heshima yake imeshalipwa, na mimi wa nje naokota kilichovuka. Ni sawa na beni ya harusi inayopita mtaani wakati nimekaa barazani na kikombe changu.

Nyumbani ni tofauti. Nyumbani mimi ndiye niliyemwalika mwimbaji.

Vyombo vilivyotoka jikoni

Kilichonibadilisha kabisa kilikuwa kidumbaki, ule muziki wa kuchezwa ulio ndugu wa taarabu.

Nilikuwa nakuna nazi. Mbuzi chini, sinia mbele, kifuu mkononi, na jino linakwaruza kwa mapigo yale yanayokuja yenyewe mkono ukishazoea. Redio ikaweka kidumbaki, na mkono wangu ukabadili mwendo bila kuniuliza. Nikatazama kifuu nilichokishika. Kisha nikasikiliza kilichokuwa kinalia redioni.

Cherewa zile, zinazotikiswa, ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani. Besi ya kidumbaki, lile sanduku lenye uzi mmoja na fimbo, ni sanduku la majani ya chai. Vidumbaki vyenyewe, ngoma mbili ndogo, asili yake ni udongo uliofinyangwa na kuchomwa na kuwambwa ngozi, udongo uleule wa vyungu. Ukiitoa fidla, kidumbaki chote kinaweza kupatikana jikoni kwa shangazi.

Nikasimama kukuna. Wiki zote hizo nilikuwa natafuta muziki na chakula mkekani, mbele ya wageni, mahali pa kula. Navyo vilikuwa vinakaa pamoja siku zote mahali pengine, mahali pa kupika.

Jikoni mikono ina kazi lakini mdomo hauna. Unaweza kuitikia. Hakuna sinia la kulinda amani yake, kwa hiyo fumbo likipita mnacheka, mnaulizana limempata nani. Na kazi za jiko letu ni ndefu, zenye mapigo, zenye kupokezana. Wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, na wakipoteza mapigo wanagongana. Bibi zetu hawakuimba wakati wa kutwanga kwa ajili ya kujiburudisha tu. Wimbo ulikuwa unawagawia zamu.

Basi nikaacha kupanga nyimbo kwa ladha, nikaanza kupanga kwa kazi. Tofauti yake siwezi kuieleza kwa haraka, ila niseme kwamba tangu hapo sijasikia jiko langu likiwa la uchovu.

Kaimati zinataka nyimbo za santuri za zamani. Upande mmoja wa sahani ile ya kale ulichukua kama dakika tatu, basi, na mkupuo mmoja wa kaimati ukishautia kwenye mafuta ya moto wa wastani unakaribia hapo hapo, ukiongeza muda wa kuzigeuzageuza ziive pande zote. Siti anaimba, kaimati zinaelea, anamaliza, naziopoa. Nazigaragaza kwenye shira ya iliki wakati wimbo mwingine unaanza.

Halua ni kinyume chake. Halua haina haraka na haikubali kuachwa. Wanga umeshachanganyika na maji na sukari, mwiko umeingia, na kuanzia hapo kuna mtu lazima awe anakoroga, saa moja, saa mbili, kwa kutegemea wingi wake. Mwanzo ni majimaji. Halafu inakamata ghafla, inakuwa nzito, na ndipo samli inapoingia kidogo kidogo, kisha iliki, kungumanga, zafarani, lozi. Mikono inachoka kabla ya halua. Hapa zinafaa zile taarabu ndefu za vikundi vikubwa, za Ikhwani Safaa iliyoanza tangu 1905, za Culture Musical Club, wimbo unaozidi dakika kumi na hauoni haya. Ala zinapewa nafasi baina ya beti, kiitikio kinarudi na kurudi, na anayekoroga anabadilishana na mwenziwe kiitikio kinapoingia. Hatuhitaji kuambiana. Kiitikio, mwiko unahama mkono.

Mkate wa kumimina umenipa taabu kidogo. Mchele umelala majini usiku kucha, umesagwa kwa tui zito na hamira na iliki, umeumuka, umemiminwa, makaa yako juu ya kifuniko na chini ya sufuria. Hapo huna kazi. Una wasiwasi tu, na hamu ya kufunua. Nimejaribu kidumbaki, nikafunua mapema. Nimejaribu udi, nikafunua pia. Kinachonisaidia ni sauti ya Shakila, yule wa Tanga, aliyeimba na Black Star. Anaposhikilia neno halitoki mpaka liwe tayari kutoka, na mimi nakaa palepale mpaka amalize.

Mwezi usio na taarabu

Kuna mwezi mmoja ambao yote niliyosema hayatumiki, na bado ndio mwezi wenye chakula kingi cha nyumbani kuliko yote.

Ramadhani taarabu inanyamaza. Jikoni kuna kaimati, uji, mbatata za nazi, sambusa, na hakuna fidla. Kuna mlio wa mafuta, kuna kisomo redioni, kuna kasida. Usiku wa manane kuna vijana na ngoma zao za kuamshia daku. Na jioni, watu wameshakaa, tende ziko sahanini, kikombe cha maji kiko mkononi, mji mzima unangoja sauti moja.

Adhana ya magharibi sitaiita muziki. Haifai kuitwa hivyo na sitafanya. Lakini nikiambiwa nitaje sauti moja iliyofungamana na ladha moja maishani mwangu, nitaitaja hiyo na tende. Hakuna profesa aliyenipimia. Nikisikia adhana ya magharibi mwezi wowote mwingine, nikiwa njiani, nikiwa kazini, mdomo wangu unakumbuka utamu ule wa kwanza baada ya siku nzima.

Hili nalo limenifundisha kitu kuhusu kupanga nyimbo. Sauti ile na tende hazikuunganishwa na mtu aliyekaa mchana akichagua kipi kinafaa na kipi. Zimeunganishwa na kungoja. Zingekuja bila njaa ya mchana kutwa, zingepita bila kushikana. Labda ndiyo maana kahawa na udi vinashikana nyumbani kwetu: vyote viwili vinakuja mwisho, watu wameshakula, wameshanawa, na wamekuwa wanavingojea.

Shangazi alipomtaka mwimbaji azimwe mpaka watu washibe, alikuwa anamtengenezea kungojewa.

Ijumaa ijayo

Nina wageni Ijumaa, baada ya isha. Nimeshapanga, na mpango wenyewe sasa unaanza siku moja kabla.

Halua tutaikoroga Alhamisi, kwa zile nyimbo ndefu, na binti wa kaka yangu amesema anataka kujifunza. Nimemwambia asikilize viitikio. Ijumaa mchana nazi, na redio iweke chochote ipendacho. Pilau nitalipika kwenye sufuria kubwa nje, na kama kuna harusi mtaani na beni ikapita, hiyo itakuwa bahati yetu.

Sinia likishuka, simu nitaiweka mbali. Hakuna wimbo. Watu wazungumze.

Mikono ikishanawiwa, halua ipite, vipande vidogo. Kahawa iwe imeshaiva na dele liko kwenye makaa ya mwisho. Mpwa wangu mmoja ana udi na amekuwa akijifunza. Nimemwomba apige yeye, badala ya spika. Hajawa fundi, anajua nyimbo chache, lakini yupo, na watu watamtazama usoni. Baada yake nitamleta Siti. Shangazi akae mahali anapoweza kuinuka bila kuruka miguu ya watu, maana nimemwona akiweka noti mpya chini ya kitambaa cha meza yake, na nadhani najua ni ya nani.

Juisi ya ukwaju iwe ya mwisho, yenye barafu nyingi, pamoja na kidumbaki. Na vikombe vya kahawa viondolewe mkekani kabla fidla haijaingia. Dada zangu hawachezi kidumbaki wakiwa wamekaa.